Mgongo wa Swabra

Kila mwaka, Ramadhani ikiingia kumi la kati,
simu hulia juu ya meza ya cherehani
hapa Guraya, baina ya vifungo na makasi,
nami hushika kalamu nikaandika
vipimo vya wanangu wawili.

Swabra yuko Norwe, Bergeni, mji wa mvua.
Mishi yuko Italia, Jenova, mji wa ngazi.
Mimi Ulaya siijui. Nimefika Voi,
na Unguja mara moja, kwa mazishi.
Lakini inchi nazijua.
Inchi haisemi uongo ili kumfurahisha baba.

Wanaume wa barazani huniuliza,
kikombe cha kahawa mkononi:
"Fundi Athmani, wapi pazuri?"
Mmoja ashasikia kuwa Norwe mtu akizaa
hulipwa akae nyumbani amlee mwana.
Mwengine hujibu kwamba Italia kuna jua,
na jua halina risiti.
Huzipigania nchi wasizozijua
kama watu wa mpira.
Mimi natunga uzi.

Mwaka wa kwanza Swabra aliandika:
kifua thelathini na nne, kiuno ishirini na sita.
Mwaka wa tatu: "Baba, ongeza inchi tatu kote,
ndani navaa sweta."
Mwaka wa tano: "Mikono ifike vidoleni."
Nyumba yake ina joto chini ya sakafu,
hospitali hakuna anayemuuliza pesa kwanza,
mshahara huingia tarehe ile ile
kama adhana.
Kipimo kimoja tu haleti: cha mgongo,
bega hadi bega.
"Sina wa kunishikia futi, baba. Kadiria."

Mishi naye kiuno chapungua, mkono wanenepa:
aosha ngazi za majumba ya watu, orofa saba,
na bosi wake ana deni lake la miezi miwili.
Makaratasi yake yazunguka afisi hadi afisi
kama sinia la harusi lisilo na mwenyewe.
Ataka mfuko wa siri upande wa kushoto,
wa kutia hicho kidogo.
Lakini mgongo wake ninao, hadi nusu inchi:
kumi na tano na nusu.
Namsikia simuni Bi Graziella wa mlango wa pili
akiivuta futi, akimgombeza asimame wima,
kisha wote wawili wakicheka kwa lugha nisiyoielewa,
na sufuria ya nyanya yatokota.

Sasa niseme wapi pazuri?
Jicho hili la kulia lilikuwa na mtoto wa jicho.
Pesa za Norwe zilimtoa.
Kwa jicho la Swabra naliona tundu la sindano
ninapomshonea Mishi mfuko.
Na tokeni za umeme zikiisha
nakaa gizani na sauti za Mishi,
nazirudia moja moja,
mpaka Swabra atume za tokeni.

Mama yao, Mungu amrehemu, angepima vingine.
Angeuliza neno moja: wala na nani?
Swabra hula saa kumi na moja, kwa kusimama,
dirishani kushaingia kiza.
Mishi hula usiku, mkate wa jana,
meza ya watu wanne, watu saba.

Leo baada ya tarawehe nakata kitambaa,
madera mawili kwa jora moja la Barabara ya Biashara,
rangi ya bizari.
La Mishi makasi yapita bila kuuliza.
La Swabra nasimama.
Natandaza futi juu ya meza, nafumba macho,
naukumbuka mgongo wa mtoto wa darasa la sita
akiinama kuniokotea pini.
Kumi na tatu.
Naongeza mbili, za miaka.
Kisha naacha akiba nene ndani ya mshono,
ya kufumuliwa,
iwapo atapata mtu.