Dirisha Namba Tatu

Miaka kumi na tisa nimeketi nyuma ya kioo hiki,
ofisi ya ada, dirisha namba tatu,
katika mji wa Wisconsin ambako theluji ya Aprili
haina haya, huingia bila hodi.
Kazi yangu ni kusema kiasi.
Sisemi haki. Nasema kiasi.

Leo amekuja Kabao Thao, mwaka wa pili, uuguzi,
nyasi za shamba la jinseng zimemnasa kwenye sweta.
Anadaiwa dola mia nne na kumi na mbili.
Mfuko uliokuwa ukimlipia vitabu umefungwa:
bunge la jimbo lilipiga kura, barua ikaja na mhuri,
chumba 114 kikabadilishwa kufuli.
Akaniuliza, "Basi ada itashuka?"
Nikaitazama kompyuta kana kwamba sijui.
Ada ni moshi,
inajua kupanda tu.

Nyuma yake kwenye foleni, Garrett Koehnke.
Baba yake namfahamu. Mwaka juzi
aliuza ng'ombe sitini kwa siku moja,
kisha akasimama hapo hapo, kofia mkononi,
akauliza kuna mfuko gani wa kijana
ambaye babu yake hakufukuzwa kwao,
hakuvuka mto usiku na mtoto mgongoni,
ila bei ya maziwa imemshinda.
Sikuwa na fomu hiyo.
Nilimpa ya mkopo.
Akaisoma yote, hata yale maandishi ya sisimizi,
akasema, si kwa hasira,
"Wenzetu wana chumba chao."
Nikanyamaza. Kunyamaza nako kumo kwenye mshahara wangu.

Sikumwambia kwamba mwanawe
alikuwa akishinda chumbani humo kila Alhamisi
kwa sababu aljebra ilimtoa jasho,
na Kabao ndiye aliyekuwa akimfundisha,
wala hakuna aliyemuuliza babu yake alivuka nini.
Mlangoni palikuwa na karatasi: KARIBU, VUA VIATU.
Soksi za Garrett, zenye tundu la kidole gumba,
zilijulikana na wote.

Walikuja watu na mabango, vuli iliyopita.
Wa kushoto kwa lango, wa kulia kwa lango.
Hawa wakasema usawa ni kila mtu alipe sawa.
Lakini "sawa" ni neno la mwenye pochi nzito:
mia nne kwa huyu ni mlo wa jioni na mvinyo,
kwa yule ni muhula mzima.
Wale waliowajibu walikuwa na hoja nzuri, nilizipenda,
na hakuna hata mmoja wao
aliyewahi kuuliza bei ya maziwa.

Garrett anadaiwa mia tatu themanini na tisa.
Nimeyajumlisha madeni yao pembeni mwa kalenda:
mia nane na moja.
Ankara ya ubao mpya wa uwanjani, ule wa taa,
ilipita mezani kwangu. Sitaitaja.
Nina umri wa miaka hamsini na moja
na mkopo wangu wa chuo hiki hiki
bado unanisalimia kila tarehe tano.

Jana fundi aliniletea vitu vya chumba 114
niviandikishe, maana kila kitu lazima kipate namba.
Viti sita. Birika. Ramani iliyochanika Laos.
Sufuria ya umeme ya kupikia wali.
Nikafunua kifuniko.
Ndani, ukoko wa Alhamisi ya mwisho,
mkavu kama gome,
na mikwaruzo ya vijiko viwili
iliyoanzia kingo mbili
ikaachana na kazi kabla ya kukutana.

Kwenye fomu hakuna safu ya ukoko.
Nikaandika: sufuria, moja,
imetumika.