Njegere za Kijivu

Meza yangu ni ya matango ya siki.
Inayofuata ni ya Austra: shayiri, maharage, njegere za kijivu.
Juu yetu paa limejipinda kama tumbo la nyangumi;
mbavu zake zilitolewa kwenye banda la zepelini,
na sasa, hapa Riga, zinatunza harufu ya samaki wa moshi.

Desemba. Theluji imeziba madirisha, wateja wa kuhesabu vidoleni.
Edvīns, mjukuu wa Austra, amechoka kupanga magunia.
"Bibi, zingeingia njegere ngapi humu,
tukifunga milango tukajaza mpaka darini?"
"Nyingi."
"Nyingi si namba."
"Basi hesabu."

Akamwaga kibaba kimoja mezani,
akazisogeza kumi kumi kwa kadi yake ya basi.
Alipotea kwenye mia tatu, akatukana chinichini, akaanza upya.
Mia tano na themanini.
Vibaba vinne kwa lita, lita elfu kwa mita ya ujazo:
aliandika nyuma ya karatasi yangu ya bei, bila kuomba.

Kisha akatembea.
Hatua mia na ishirini za urefu, akiruka ndoo,
akiwataka radhi kina mama wa jibini;
hamsini na nane za upana.
Kimo alimwuliza Ojārs, fundi wa taa,
ambaye aliitazama ngazi yake, akatazama juu, akasema:
"Mita ishirini. Labda."
Labda nayo akaiandika.
Na kwa kuwa paa ni la mviringo, akapunguza sehemu moja ya tano.

Haba na haba hujaza kibaba, sawa.
Lakini vibaba vingapi hujaza banda, nani aliwahi kusema?

Bilioni tisini na tatu.
Aliitamka polepole, kama aliyebeba sahani ya supu.
Kila mtu duniani angepata kumi na moja,
na za panya zingebaki.
"Na meza zetu je?" nikamwuliza. "Na sisi?"
"Nimewatoa. Humu hamna mtu."
Hapo ndipo Austra alipoinua macho.

Usiku wa Krismasi, kwetu, njegere za bakuli sharti ziishe:
kila unayobakiza ni chozi la mwaka ujao.
Walinialika, maana sina mtu.
Kiti cha nne kilikuwa na koti juu yake.
Mama yake Edvīns anachuma uyoga Ayalandi;
simu ilikatika mara mbili.
Tulikula, na vitunguu, na nyama ya mafuta, mpaka mikanda ikalalamika.
Edvīns alikwangua bakuli lake likang'aa.
La Austra, nilipolibeba kwenda kuliosha,
lilikuwa na tatu, zimejificha chini ya kijiko.

Mvulana aliziona.
Yeye aliyekadiria mabilioni bila kupepesa
alizihesabu zile tatu kwa kidole,
akarudia.
Akala mbili.
Ya tatu akaitia mfukoni.
"Labda," akasema.