Kinena

Nilisema goti.
Mwalimu Bukuru aliuliza wapi panauma,
na mbele ya wenzangu kumi na saba
na wauza dagaa waliokaa juu ya mitumbwi iliyopinduliwa
nikasema goti.

Nani apataje pale?
Ukipataja Kibirizi asubuhi,
adhuhuri Ujiji wamekwisha kukuandikia ugonjwa mwingine,
jioni shangazi anakuletea mizizi iliyofungwa gazetini
na macho yake hayatui usoni pako.

Basi nikachua goti. Goti zima,
goti lisilo na kosa,
na chini ya bukta jambo likazidi kukaza
kama kamba ya wavu iliyolowa.
Nikikohoa, panauma.
Kitandani nashuka nikiinua paja kwa mikono miwili
kama mzigo wa mtu mwingine.
Jumamosi nikacheza.

Dakika ya thelathini na moja. Krosi ya kushoto,
ile wanayonijua nayo.
Mpira ulikwenda. Mimi nilibaki chini,
na pale nilipopaficha pakanena.

Kinena, alisema Bi Ntakije,
hospitali ya Maweni, chumba cha mwisho,
akakitaja kama mtu anayeomba chumvi.
Akachukua mkanda wa kupimia presha,
akauviringa, akauweka katikati ya magoti yangu.
Bana.
Mshale ukapanda kidogo, ukatetemeka, ukarudi.
Umeuona? Huo ndio uongo wako wa wiki sita.

Hakunipa kitanda. Alinipa mpira,
mpira uleule, umepungua upepo:
nilale chali, niubane kwa magoti,
nihesabu hadi kumi, niachie.
Maumivu mawili kwa kumi, endelea.
Yakifika matano, shika adabu.

Wiki ya nne ikawa ubavu.
Kiwiko chini, mguu wa juu mikononi mwa mdogo wangu Gwimo,
nyonga hewani, natetemeka
kama bati treni ya mizigo ikipita.
Gwimo anahesabu vibaya makusudi:
sita, saba, saba, saba.
Mama anapepeta mchele, haulizi.

Kisha kukimbia mbele. Mbele tu.
Kisha kona, na kona ilichukua mwezi.
Krosi ilikuja mwisho kabisa,
na ya kwanza ilikwenda kwa kuku wa jirani.

Siku hizi mazoezi yetu hayaanzi kwa mpira.
Vijana wanalala wawili wawili mchangani,
kifundo cha huyu mkononi mwa yule,
wanacheka, wanasema haya ni ya wajawazito.
Wacheke. Nyonga ziwe juu tu.

Jana, jua likiingia Kongo,
Rugwiza alibaki nyuma
akifunga kamba za viatu zilizokwisha fungwa.
Kaka, alisema, goti.
Mkono wake ulikuwa juu zaidi ya goti.

Nikakaa mchangani kando yake.
Goti lipi? nikamuuliza.
Akatazama huku na huku kama kuna mtu.
Kulikuwa na mwanamke mmoja, mbali, anageuza dagaa.
Nikangoja.