Sifuri na Pengo

Kaye zake ni arobaini na tatu.
Zinanuka makala na mafuta ya taa.
Panya wamekula pembe za mwaka themanini na nne,
tarakimu wameziacha, sijui kwa heshima gani.

Baba, Ngosa Kalaba, hakuwa mtaalamu.
Alikuwa mtu wa saa kumi na mbili asubuhi:
baiskeli, kalamu ya risasi nyuma ya sikio,
kilomita tisa kutoka Katuba hadi kijito cha Kamusanga,
kusoma mvua ndani ya chupa,
kusoma maji kwenye ubao wenye mistari.

Mei, sifuri.
Juni, sifuri, sifuri, sifuri.
Julai, vumbi jekundu na baridi ya alfajiri,
sifuri thelathini na moja, kila moja na saini yake.

Nilipokuwa mtoto nilimcheka:
si uziandike zote ukiwa nyumbani?
Mvua haiji Julai, hata mbuzi wanajua.
Akafunga mnyororo wa baiskeli uliochomoka, akajibu:
Sifuri ambayo hukuiona ni uongo.

Mwaka mshahara ulipokoma, alikwenda.
Mwaka wa uporaji alizunguka nyuma ya vichuguu, akafika,
akaandika pembeni: milio upande wa mjini. Maji, sentimita nne.

Halafu mkuu wa kituo akazifungia kabatini.
Ni zetu, alisema,
kama mtu anayeficha unga wakati wa njaa
mpaka unga unaota funza.

Leo ninazihamisha kwenye kompyuta, umeme ukikubali.
Barua imekuja kutoka Dodoma, ya bwana Ndahani:
Bonde letu lina miaka kumi na miwili tu,
na mto wetu hupita siku arobaini, basi, umekwisha.
Tuazimeni miaka yenu.
Tutawapa yetu, ingawa ni michache.

Kuazimana miaka!
Kama sufuria kwa jirani siku ya matanga.

Nimefika Machi moja yenye siku tisa nyeupe.
Hakuna nambari, hakuna saini.
Mashine inataka kuzijaza kwa wastani,
inangoja kidole changu tu.
Lakini siku hizo nazijua.
Tulikaa mkekani, mama amelazwa mbele yetu,
na mvua ilipiga mabati hadi wimbo ukapotea.
Ilinyesha. Hakuna aliyeipima.
Nimeziacha wazi, nikaandika kando
kwa yeyote atakayesoma, Dodoma au kwingine:
Hapa hakuna aliyekwenda. Hili ni pengo, si sifuri.

Jioni baba, macho yake yamefunga ukungu, anauliza:
Umetuma na Julai?
Zote.
Anamega bukari, anainua uso
kwenye mbingu ya Agosti, kavu kama sahani iliyopanguswa.

Na leo, anasema,
nani amekwenda kuangalia?