Bakuli Lisilonywewa

Mlangoni walinivua viatu.
Nikapewa ndala za kitambaa, visigino vyangu
vikabaki nje kama ng'ombe wasioenea zizini,
nikaburuza miguu juu ya mbao nyeusi
zilizolia kila nilipokanyaga.
Jumba lote ni mti, walisema, halina msumari,
la kale kuliko barabara ya Tukuyu,
kuliko misheni,
kuliko mche wa kwanza wa chai pale Katumba.

Kiwanda kilinipeleka Ujapani
kujifunza mashine ya kukaushia majani.
Miezi mitatu. Siku moja tu ya mapumziko,
na mwalimu wetu, bwana Murase, akasema:
leo hatugusi chuma.

Sikutegemea kuuona Rungwe.
Ulikuwa pale, umening'inizwa ukutani,
mlima na mabega yake, na katikati,
palipo na ukungu, mchoraji hakuweka kitu.
Nilisogea nikatafuta rangi nyeupe. Hamna.
Karatasi tupu.
Kwetu ukungu ndio wenye kalamu:
asubuhi unafuta shule, unafuta migomba,
unamwacha mwalimu Ambakisye
akiwa kofia tu na kengele ya baiskeli.
Nani alimwambia yule mtu?

Msimamizi, mama mtu mzima,
alikaa kwenye kigoda, blanketi magotini,
kama mama zetu mwezi wa saba.
Aliniona nimekawia mno
mbele ya kioo cha mwisho.

Bakuli.
La kunywea chai, la udongo, jeusi,
limeinama upande mmoja
kama mtu anayetega sikio lake zima.
Lina taa yake peke yake.
Na chini, pale rangi ilipokomea,
alama ya kidole gumba.

Miaka mia nne, bwana Murase alinisomea.
Mfinyanzi: hajulikani.

Niliporudi nilishuka hadi Lyulilo.
Mama alikuwa na udongo mpaka viwikoni.
Nikamweleza mlima, akaitikia mh.
Nikamweleza bakuli.

"Limepinda?"
Limepinda.
"Na hawakulivunja."
Wameliwekea taa, mama. Na mlinzi.

Alicheka mpaka akakaa chini.
"Mimi nimevunja mangapi, Lugano!
Baba yako alijazia mashimo ya njia kwa vigae vyangu."
Kisha: "Wananywea nini humo?"
Hakuna anayenywea.
"Tangu lini?"
Sijui. Tangu zamani.
"Maskini," akasema, na sikujua
anasikitikia bakuli au watu.

La mfinyanzi nilimwambia mwisho.
Hakujibu. Alikanda udongo wake
muda mrefu kuliko udongo ulivyotaka.

Jumamosi, sokoni Matema,
akapanga vyungu kama kawaida,
ila kimoja chenye mdomo uliokwenda kombo
akakitenga, juu ya kanga iliyokunjwa.
Mchuuzi wa Uyole akauliza bei.
Elfu arobaini.
"Hiki? Si kimepinda hiki!"
"Ndiyo maana. Na hujaniuliza jina."
Yule bwana akatazama kushoto, akatazama kulia,
akapakia vya elfu tatu tatu kwenye pikapu
na kuondoka, majani ya mgomba yakining'inia nyuma.

Usiku tulikipikia mbasa.
Mchuzi ulimwagika kwa upande ule ule,
moto ukafoka, mama akatoa neno la Kikisi
ambalo siwezi kuliandika.
Tulikula. Samaki alikuwa mtamu, chumvi imezidi kidogo.

Kilipopoa nilikigeuza,
nikamulika chini kwa simu.
Masizi matupu.
Nikafuta kwa kidole,
nikaendelea kufuta.