Namba Saba

Mimi sivui. Nakodisha taa.
Karabai kumi na nane, chapa moja, tumbo moja,
nilizinunua siku moja kule Mwanga
(mtaa ndio jina lake, sikulitunga mimi),
kila moja na namba ya rangi nyeupe kitakoni.

Giza likiingia zinashuka ziwani na watu wake,
mimi nabaki Kibirizi na daftari.
Kwa kuwa naijua kila taa inavyowaka mkononi,
naijua pia ikishakonda.
Hiyo ndiyo elimu yangu yote: taa ileile
ikififia, haijachoka. Imekwenda.

Nilidhani mwendo ukizidi maradufu
mwanga hubaki nusu.
Binti yangu Nyamwiza, aliyesoma fizikia,
akanikatalia: ni robo, mama.
Mara tatu, ni fungu moja la tisa.
Mwanga hutandazwa kama dagaa mchangani;
uwanja ukipanuka, tabaka huwa jembamba.
Nikakubali. Dagaa nawajua.

Ndiye aliyenionyesha na la kidole:
nyosha mkono, simamisha gumba,
funga jicho hili, fumbua lile,
na gumba linaruka juu ya milima ya Kongo
kama mtu aliyekanyaga siafu.
Taa ya hapo Bangwe nayo inaruka.
Ya katikati ya ziwa inasita tu.
Nyota haitikisiki.

"Macho yako yamekaribiana mno," akasema.
"Wao hutazama kwa jicho la Januari,
halafu wanangoja, watu wanapalilia, wanavuna,
dunia inafika ng'ambo ya pili ya jua,
ndipo wanapofumbua jicho la Julai."
Usiku ule sikulala vizuri.
Niliuona uso, paji lake
upana wa miezi sita.

Na zile nyota ambazo hata hapo hazitikisiki?
Hapo, mama, wanarudi kwako.
Wanatafuta taa yenye namba kitakoni.
Ziko nyota zinazotuna na kusinyaa
kama karabai inayolilia pampu,
na inayohema polepole ndiyo yenye tumbo kubwa.
Hesabu pumzi, utaijua taa;
ijue taa, utaujua mwendo.
Nikacheka hadi nikakohoa.
Kumbe mimi na wenye darubini
tunakula sahani moja!

Basi sikia aibu yangu.
Usiku mmoja taa ya Gwasa, namba saba,
ilikonda, ikakonda, ikawa ncha ya sindano.
Nikapiga hesabu: huyu kavuka,
yuko Kalemie, taa yangu iko mnadani.
Nikamgongea mkewe mlango. Nikasema maneno.
Alfajiri Gwasa akatokea hapo tu, ubavuni mwa Bangwe,
mapigo mia ya kasia hayafiki,
kioo kimejaa masizi,
macho yamejaa usingizi.

Nyamwiza hakunicheka.
Hata wao, akasema, walishadanganyika hivyohivyo:
kati ya nyota na nyota kuna vumbi,
na vumbi halibishi hodi.
Walidhani ni mbali, kumbe ni uchafu wa njiani.
Siku hizi huangalia rangi kwanza,
maana vumbi hula buluu, likabakiza wekundu.

Nikakumbuka: namba saba ilikuwa nyekundu.
Niliiona. Sikuiuliza kitu.

Sasa ni mbalamwezi, hakuna anayeshuka ziwani.
Taa zimening'inia bandani,
nasugua vioo kwa majivu na gazeti la zamani.
Juu ya Kongo zipo nyota chache zilizoushinda mwezi.
Nazitazama mojamoja kwa shaka ya mkopeshaji:
wewe uko mbali,
au hujasuguliwa?

Gwasa amelipa, na senti za kioo juu.
Mkewe hanisalimii bado.
Kutoka mlango wake hadi wangu ni hatua kumi na mbili.
Nimezihesabu tena leo.