Shilingi Kumi kwa Ukurasa

Duka langu liko chini ya ngazi, Mtaa wa Latema,
upana wake mashine moja, stuli moja, na mimi.
Miaka kumi na tisa nanakili vyeti vya watu.
Nimeshika shahada nyingi kuliko profesa yeyote
na hakuna hata moja yenye jina langu.

Kwa hiyo Syombua aliponiletea barua mbili,
moja ya Chuo Kikuu cha Nairobi, robo saa kwa miguu,
moja ya Newcastle, Uingereza,
zote zikianza kwa kufurahi kumfahamisha,
nilizilaza kwenye kioo kabla sijazisoma.
Mazoea.
Mwanga ukapita chini ya kifuniko, ukarudi.
Mashine haikusita kwenye jina lolote.

Shilingi kumi, nikamwambia. Kila moja.
Hakucheka.

Anataka kupima ardhi. Tangu akiwa mdogo
alikuwa akihesabu hatua kutoka mlangoni hadi chooni.
Siku moja alimwambia mwenye nyumba, mbele ya wapangaji,
kwamba chumba chetu cha Kariobangi kimepungua futi mbili.
Na kweli kilikuwa kimepungua futi mbili.

Mjomba wake Kilonzo anasema usiache mbachao
kwa msala upitao.
Shangazi Mumbe anasema tembea uone.
Methali zimegombana mezani kwangu hadi chai ikapoa,
nami nimetandika mkeka na msala, sijui pa kulala.

Nijuacho nimekijua kwa vidole.

Wesonga alirudi kutoka ng'ambo na koti la sufu
na shahada ya karatasi nzito, ya kukwaruza.
Mwezi wa kwanza nilimtolea seti thelathini.
Mwezi wa sita akaomba kumi.
Mwezi wa tisa, tatu, tena bila rangi.
Kila alikohojiwa aliulizwa anamjua nani hapa,
na wote aliowajua walikuwa wamebaki kule kwenye baridi.

Nyaboke, wa hapahapa, alinakili mara moja tu.
Alipelekwa mafunzoni ofisi moja ya Upper Hill,
wakamzoea, wakamwambia baki.

Ningekuwa mwongo ningeishia hapo.
Lakini yupo Odeny, naye wa hapahapa,
miaka yake minne migomo iliifanya sita.
Anauza kava za simu mlango wa tatu kutoka kwangu,
hunikopesha chenji.
Na yupo yule binti, jina limenitoka,
aliyekwenda Winnipeg akarudi kuwa mkubwa
wa wale waliobaki.
Aliacha gari likinguruma, akanipa mia, akakataa baki.

Kwa hiyo sijui.

Newcastle wamesamehe nusu ya karo.
Nusu ya pili ni ploti ya Kamulu, hamsini kwa mia,
aliyoilipia marehemu baba yake
mia tano kwa mia tano, hadi kikohozi kikamshinda.
Tuuze ardhi ili mtoto akajifunze kupima ardhi.
Nilipolisema kwa sauti tulicheka, mimi na yeye,
kisha mmoja wetu akaacha kucheka mapema.

Leo jioni, nikianza kufunga, amenipa karatasi ya tatu.
Hati ya Kamulu.
"Nakala moja, Mama. Ya kuangalia tu."
Nimeilaza kwenye kioo. Wino umekaribia kwisha,
jina la baba yake likatoka hafifu,
kama lililoandikwa kwa maji.
Sikumtoza.

Akaisogeza nakala kwenye taa.
Akatoa rula mkobani, akaanza kufuata mipaka ya mchoro,
akinong'ona namba, kalamu iko kwenye meno.
Barua zile mbili zilikuwa chini ya kiwiko chake.
Kesho ndiyo siku ya mwisho ya kujibu.

"Mama," akasema, "hii kona wameikosea."

Nimezima taa ya nje.
Mashine nimeiacha ikiwa moto,
labda atataka nyingine.